Dodoso Namba Arobaini na Moja

Simu kutoka kwa Meneja Ambrose iliingia saa tatu na robo asubuhi, Esnath akiwa amejifunika blanketi mabegani na kompyuta ikiwa mapajani, katika chumba alichopanga pale Njombe mjini. Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa saba, majira ambayo baridi hukaa ndani ya nyumba hata jua likiwa limeshatoka nje.

"Shikamoo, Meneja."

"Marahaba, binti yangu. Nimepiga kukushukuru tu. Ile ripoti uliyonitumia juzi nimeisoma yote. Kazi nzuri. Hasa ukurasa wa nne."

Esnath alijaribu kukumbuka ukurasa wa nne ulikuwa na nini. Hakukumbuka. Wiki ile kurasa zote zilikuwa zimefanana.

"Umenifundisha mengi kuhusu watu wangu," Ambrose aliendelea, sauti yake ya upole kama ya mtu anayemuuliza mgonjwa hali. "Nimeshamwita huyo dada. Saa nane mchana atakuja ofisini tuongee kidogo. Nikaona si vibaya nikuarifu, maana utafiti ni wenu."

"Dada gani, Meneja?"

"Si huyo mmoja," alisema, akaaga, akakata simu.

Esnath alifungua ripoti. Alipofika ukurasa wa nne aliusoma mstari mmoja mara mbili.

Kwa wiki tano alikuwa akikusanya madodoso kwa niaba ya Daktari Methusela, mhadhiri aliyekuwa akichunguza jambo ambalo ukilieleza kwa ufupi linasikika dogo: je, mtu aliyetoka mbali, anayejifunza salamu na chakula na mizaha ya watu wengine, huchoka kazini kuliko mwenyeji? Walikwenda kwenye mashamba ya chai, wakaenda kwa wapasua mbao, na mwisho wakaja Makambako, kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi ambacho Ambrose alikuwa meneja wake. Madodoso hayakuwa na majina. Yalikuwa na namba. Esnath mwenyewe ndiye aliyesimama mbele ya wafanyakazi sitini na wanne na kuwaambia, "Andikeni mlivyo. Hakuna atakayejua nani kasema nini."

Meneja alikuwa ameahidiwa muhtasari, na siku tatu mfululizo alikuwa akiuulizia. Jumatano ile Esnath alikuwa hajapumzika siku hata moja tangu mwezi uliopita. Macho yalikuwa yanawaka. Alikuwa ameanza kuwaona watu wale kama namba kweli: namba kumi na tisa mwenye mwandiko mbaya, namba thelathini anayeruka maswali. Ndipo alipotengeneza jedwali la idara kwa idara, wenyeji kwa wageni, akalituma bila kulirudia. Ile kanuni ya kwanza kabisa aliyofundishwa, kwamba kundi lenye watu chini ya watano halionyeshwi peke yake, ilikuwa imempita kama vile hakuwahi kuisikia.

Mstari wenyewe ulikuwa huu: Chumba cha baridi. Mzaliwa wa nje ya nchi. Idadi: mmoja. Uchovu wa kazi: juu kabisa. Imani kwa uongozi: sifuri. Na mbele yake, kwa maneno ya mtu mwenyewe: *Kitasa cha ndani cha chumba cha baridi hakifanyi kazi tangu mwezi wa tatu. Mwezi wa sita Severini alifungiwa dakika ishirini na tano. Tuliambiwa tusiseme.*

Kiwanda kizima kilikuwa na wageni watatu kutoka nje ya nchi. Wawili walikuwa Wakenya wa mashine ya kuchambua matunda. Wa tatu alikuwa mwanamke wa Kimalawi, fundi wa majokofu. Hata mtu asiyejua kusoma jedwali angejua.

Alimpigia Daktari Methusela. Daktari aliuliza ripoti ilitumwa lini na kwa nani.

"Sikiliza, Esnath. Usiende huko. Niandikie maelezo, mimi nitaipeleka kwenye kamati ya maadili. Kuna utaratibu."

"Kamati inakaa lini?"

"Jumanne."

"Daktari, yeye ameitwa leo saa nane."

"Ukienda utazidi kumwonyesha. Mtu akikuona unamkimbilia, atakuwa na uhakika."

Neno hilo lilikuwa la kweli, ila lilikuwa limechelewa. Uhakika Ambrose alikuwa nao tayari. Asiyejua kitu ni yule mwanamke peke yake. Alivaa koti, akachukua begi lenye barua ya makubaliano ya utafiti, akatoka.

Njia nzima hadi Makambako alikuwa akijaribu kumkumbuka namba arobaini na moja, mwenye mstari ule. Alikumbuka sweta zito la rangi ya damu ya mzee, na mikono yenye mikwaruzo iliyoshika kalamu kama inavyoshikwa bisibisi. Alikumbuka kwamba alikuwa wa mwisho kurudisha karatasi. Jina hakulijua. Hakuwahi kuuliza, maana utafiti haukuhitaji. Sasa alikuwa anaenda kumtafuta mtu aliyemweka hatarini na hajui hata amwiteje.

Alifika saa saba kasoro dakika kumi. Mlinzi alimfahamu, akamfungulia. Wafanyakazi walikuwa kwenye mapumziko, wamekaa kwenye mabenchi nyuma ya ghala, wanakula ugali na maharage, wengine viazi vya kuchemsha na chai. Mwanamke wa sweta zito alikuwa mwisho wa benchi la mwisho. Hakutengwa, watu walikuwa wanaongea naye, ila alikaa kwa namna ya mtu aliyezoea kuacha nafasi.

"Kamwene," alisema alipomwona Esnath, kwa salamu ya Kibena, na kutabasamu.

"Kamwene, dada. Naomba tuongee pembeni."

Walisimama kando ya rundo la makreti matupu. Esnath alisema yote kwa mkupuo, kwa sababu aliogopa kwamba akipumzika katikati atatafuta maneno laini. Alisema ripoti, ukurasa wa nne, mstari, mmoja. Alisema saa nane. Tabasamu la yule mwanamke liliondoka polepole, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwingine, mkubwa kwa miaka.

"Aliniambia ananiita kwa ajili ya kibali changu cha kazi," alisema. "Kinaisha mwezi wa tisa."

"Samahani, dada."

"Karatasi yenu ilisema hakuna atakayejua."

"Ndiyo."

"Wewe mwenyewe ulisema. Ulisimama pale, ulikuwa na skafu ya kijani. Unalijua jina langu?"

Esnath alitamani kusema ndiyo. "Hapana."

"Naitwa Irine. Nina watoto wawili Karonga, wako kwa mama yangu. Kibali changu kiko kwenye droo ya yule bwana." Kiswahili chake kilikuwa safi, chenye vituo kidogo mahali ambapo mwenyeji asingetua. "Miezi yangu ya kwanza hapa nilitabasamu mpaka taya zikauma. Nyie mkitabasamu mnapumzika. Mgeni akitabasamu anafanya kazi. Karatasi yako ndiyo mahali pa kwanza ambapo sikutabasamu."

Esnath aliangalia chini. Kilichomuuma si hasira ya maneno yale. Kilichomuuma ni kwamba katika wiki tano na madodoso mia mbili na zaidi hakuwahi kusoma jambo lililoeleza utafiti wao vizuri hivyo, na aliyelisema alikuwa anamwambia mtu aliyemuuza.

"Nimefikiria kitu," alisema. "Naingia kwake kabla yako. Namwambia nilikosea kuingiza namba. Kwamba ule mstari ulitoka kwenye kiwanda kingine, umechanganyika. Kosa libaki kwangu."

Irine alitikisa kichwa.

"Na kitasa?"

"Vipi?"

"Ukisema mstari ni wa kiwanda kingine, kitasa nacho kitakuwa cha kiwanda kingine. Unaelewa nilichoandika, au uliandika tu kwenye kompyuta?" Alishusha sauti. "Severini aliokoka baada ya dakika ishirini na tano kwa sababu tu nilisahau kalamu mle ndani, nikarudi kuichukua. Feni za mle ndani zinameza kelele. Alikuwa anapiga mlango, mimi niko hatua mbili, sikusikia kitu. Ingekuwa Jumamosi jioni tungemkuta Jumatatu. Nimeomba kitasa kipya mara nne. Meneja anasema mlango ukifunguliwa nusu siku matunda yataharibika, tusubiri msimu uishe. Nikaweka kreti mlangoni usifunge, akaniambia baridi inatoka, niondoe."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sijui. Hukuja na mpango?" Irine alifunga zipu ya sweta mpaka shingoni. "Twende wote. Ila usiongee badala yangu."

Saa nane kamili walikuwa mbele ya meza ya Ambrose. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, suti ya kijivu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kumwona Esnath hakukumshtua hata kidogo. Aliwaonyesha viti.

"Nimefurahi mmekuja pamoja," alisema. "Irine, wewe ni fundi mzuri. Nilikutafutia kibali mwenyewe, unakumbuka. Ofisi ngapi tulizunguka. Sasa nasoma kwamba huna imani na mimi hata chembe. Nikajiuliza, mtu asiye na imani na mimi, nimwombee tena kibali kwa sababu gani?"

Esnath alitoa barua kutoka kwenye begi. Aliisukuma mezani mpaka mbele yake. "Meneja, hii ni barua uliyosaini. Aya ya tatu inasema mwajiri hatatafuta kujua nani amejibu nini. Ripoti niliyokutumia ina kosa langu mimi. Naomba uifute, na naomba yaliyomo yasitumike kwa mtu yeyote."

Ambrose alivaa miwani, akaisoma aya ya tatu yote bila haraka, akavua miwani.

"Mimi sijatafuta, binti yangu. Wewe ndiye umeniletea."

Esnath aliikunja barua. Nje mashine ya kuchambua iliwashwa tena baada ya mapumziko, na meza ikaanza kutetemeka kidogo.

"Meneja," alisema Irine, "karatasi imeandika mambo mawili. Umeniuliza la imani. La kitasa hujaniuliza."

"Kitasa kinafanya kazi. Ni kigumu tu, kinataka nguvu."

"Basi twende tukakione."

"Nina kikao saa tisa."

"Ni hatua hamsini."

Ambrose alisita, kisha akainuka. Baadaye Esnath alifikiri kwamba labda aliinuka kwa sababu kweli aliamini kitasa ni kigumu tu. Mtu akiambiwa jambo asilotaka kulisikia mara nne, huweza kabisa kujijengea lake na kuliamini.

Walipita katikati ya ukumbi wa kufungashia. Wanawake waliokuwa wanapanga parachichi kwenye makasha waliinua macho. Mmoja aliacha kupanga, kisha wa pili. Severini, kijana mrefu aliyevaa jaketi la chumba cha baridi, alikuwa anasukuma toroli karibu na mlango. Alipomwona Meneja na Irine wanakuja pamoja alisimama.

Irine aliufungua mlango mzito. Hewa ya baridi ilitoka na kuwagusa vifundoni. Ndani, makasha yalikuwa yamepangwa mpaka juu, taa moja nyeupe inawaka, na feni zinavuma kama mvua juu ya bati.

"Ingia nami, Meneja," alisema Irine. "Severini afunge. Wewe utafungua kwa ndani, kwa nguvu zako. Mlango ukifunguka, nitaandika barua ya kuacha kazi leo hii, huna haja ya kunifukuza."

Ukumbi ulikuwa umetulia. Mashine ilikuwa inazunguka bila matunda.

Ambrose alitazama ndani. "Sina jaketi," alisema.

Severini alivua lake, akalinyoosha kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mkubwa kitu. Ambrose hakulipokea. Alishika fremu ya mlango, akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni. Kizingiti hakukivuka.

Kwa nini Esnath aliingia, hakuweza kulieleza vizuri hata alipoandika maelezo yake kwa kamati. Alijua tu kwamba Irine alikuwa ameshavuka kizingiti peke yake, kama alivyokuwa peke yake kwenye ule mstari, na hakuweza kutazama tena mtu huyu akihesabiwa mmoja. Alichukua jaketi mikononi mwa Severini, akaingia.

"Dakika tano," Irine alimwambia Severini. "Kisha fungua."

Mlango ulifungwa kwa mlio mzito, na dunia ya nje ikaisha. Palibaki feni tu. Esnath alikishika kitasa, akakisukuma. Kiligeuka chepesi, bure, kama bomba lisilo na maji. Alisukuma tena kwa bega. Mlango haukutikisika.

"Usijichoshe," alisema Irine kwa sauti kubwa, karibu na sikio lake. "Simama mbali na feni. Weka mikono kwapani."

Dakika ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili Esnath alianza kuhisi meno yanagongana. Irine alikuwa anatazama saa yake ya mkononi. Ilipofika ya tano, wote wawili walitazama mlango. Haukufunguka. Ya sita. Esnath alipiga kwa kiganja, kisha kwa ngumi, na sauti ikafa pale pale kwenye feni.

"Severini hachelewi," alisema Irine. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sauti yake kupoteza uthabiti. "Yeye kati ya watu wote hawezi kuchelewa."

"Labda amekatazwa."

Irine alimvuta Esnath karibu, wakasimama bega kwa bega, mgongo kwenye makasha, na Esnath akasikia mwili wa yule mwanamke unatetemeka sawa na wake. Pumzi zao zilitoka kama moshi. Dakika ya saba. Ya nane. Alifikiria Jumamosi jioni. Aliona mwanga ukizimwa, geti likifungwa, watu wakienda zao, na mtu humu ndani akipiga mpaka mikono ife ganzi. Aliielewa sentensi aliyoichapa Jumatano bila kuisoma.

Ilikaribia dakika ya kumi mlango ulipofunguka.

Nje walikuwa wamejaa. Ukumbi mzima ulikuwa umesogea, kama watu hamsini, wamesimama kimya na aproni zao. Severini alikuwa ameshika mpini wa mlango, na mbele yake alikuwepo Ambrose, jasho likimtoka kwenye paji la uso siku ya baridi kama ile.

"Nilisema dakika tano," Irine alimwambia Severini.

"Nilikuwa nangoja Meneja aseme fungua," alijibu Severini. Hakuinua sauti. "Mimi siku ile hakuna aliyesema. Leo nilitaka aseme yeye. Amechelewa kidogo."

Ambrose aliwatazama wanawake wawili waliokuwa wakitoka, midomo yao ikiwa na rangi ya kijivu, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukuwa na upole wala ukali. Ulikuwa wa mtu aliyeona kitu.

"Hamisheni matunda," alisema mwishowe. "Chumba kisimame mpaka kitasa kibadilishwe." Akaondoka kuelekea ofisini, akitembea karibu na ukuta.

Kitasa kilifika Jumatatu. Irine alikifunga mwenyewe, na kabla chumba hakijajazwa, kila mfanyakazi wa idara ile aliingia akafunga na kufungua kwa mkono wake.

Mengine hayakuenda vizuri hivyo. Esnath aliandika maelezo ya kosa lake, kurasa mbili, bila kumtaja Daktari wala uchovu kama kisingizio, ingawa Daktari alipoyasoma alimpigia simu na kumuuliza mara ya mwisho alipumzika lini. Kamati iliondoa kiwanda kile kwenye utafiti wote. Madodoso sitini na manne yaliharibiwa. Esnath aliondolewa kwenye kazi ya takwimu. Alirudi kwa mama yake Kitandililo, akalala siku mbili, na siku ya tatu akaingia shambani kuvuna viazi kwa sababu mikono ilitaka kitu cha kufanya.

Ambrose hakumfukuza Irine. Hakumwombea kibali pia. Aliacha tu tarehe zije. Mwezi wa tisa ulipokaribia kwisha, Irine alimtumia Esnath ujumbe kwamba anaondoka keshokutwa asubuhi.

Esnath alimkuta stendi ya Makambako, begi la nguo miguuni na sanduku la chuma la vifaa mapajani. Severini na dada watatu wa kufungasha walikuwa wamemsindikiza, mmoja amembebea mfuko wa parachichi za watoto. Walimwachia Esnath nafasi kwenye benchi.

"Kuna kiwanda cha chai Njombe wanatafuta fundi," alisema Esnath. "Nimeongea nao. Wamesema wataandika barua ya kibali, lakini inaweza kuchukua miezi."

"Nitasubiri Karonga. Watoto hawajaniona mwaka mzima." Irine aligeuza funguo za sanduku kwenye kidole. "Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Itaisha. Haijaisha." Alisogeza begi kwa mguu. "Waliokupa kazi, walikufukuza?"

"Karibu na hapo."

"Na wewe una hasira?"

"Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kuwa na hasira. Sasa hivi ndiyo inaanza kuja."

Irine alicheka, kicheko kifupi kisichomngoja mtu mwingine acheke. Gari la Mbeya liliingia, na utingo akaanza kuita. Severini alinyanyua begi. Sanduku la vifaa Irine hakumpa mtu, alipanda nalo mwenyewe, akaliweka kwenye kiti cha dirishani, na yeye akakaa pembeni yake.